Pedi za breki: soma za zamani kabla ya kufunga mpya

Kuchomoa pedi zilizoisha na kuchomeka mpya ni kazi ya dakika chache. Muda mwingi unakwenda kwenye kusafisha pini ambazo kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) huteleza juu yake, na vibati ambamo pedi zinakaa, na hapo ndipo wengi wanaporuka hatua. Matokeo yake pedi mpya zinaisha nusu ya muda wake na lawama zinakwenda kwa aliyeziuza.

Pedi mpya ya gari dogo huwa na nyama ya milimita 10 hivi. Nyama ni ile sehemu inayosugua diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, bila kuhesabu bati la nyuma. Ikibaki milimita 3, badilisha. Usingoje mluzi. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachogusa diski na kupiga kelele nyama inapokaribia kuisha, lakini mara nyingi kibati hicho kiko kwenye pedi moja tu kati ya mbili. Ikiwa ile nyingine ndiyo inayolika haraka, utakachosikia ni chuma kukwaruza chuma, na hapo diski imeshaumia.

Badilisha pedi za magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, au yote mawili ya nyuma. Ukibadilisha upande mmoja, gari litavuta pembeni unapokanyaga breki.

Egesha mahali tambarare na pagumu, zuia kwa kabari magurudumu ambayo hayatanyanyuliwa, kisha legeza nati za gurudumu robo mzunguko kabla ya kupandisha jeki. Gari likishapanda, liweke juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Sili iliyochoka ndani ya jeki ya mafuta inaweza kuliachia gari polepole bila kutoa sauti, nawe mkono uko chini. Fungua gurudumu moja kwanza, la pili liache kamili ili uwe na mfano wa kuangalia ukisahau kitu kilikaa vipi. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia breki au maji ya sabuni, na vaa barakoa.

Kwenye kalipa za kawaida, ukifungua bolti ya chini na kulegeza ya juu, kalipa inainuka kama kifuniko. Kama inabidi uitoe kabisa, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwenye mpira wa breki, ule unaoleta mafuta ya breki, maana mpira huchanika kwa ndani na kwa nje huoni kitu. Na kalipa ikiwa nje, mtu yeyote asikanyage pedeli, pistoni, ile inayosukuma pedi, itachomoka.

Sasa zipange pedi za zamani chini kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Zikiwa zimelika sawa, kila kitu kinafanya kazi. Ya ndani, iliyo upande wa pistoni, ikiwa nyembamba kuliko ya nje, ama pini zimekwama na pistoni inasukuma upande mmoja tu, ama pistoni yenyewe hairudi. Ya nje ikiwa nyembamba zaidi, shuku pini, au pedi iliyokwama kwenye kutu. Pedi iliyolika mshazari, nene upande huu na nyembamba upande ule, kwa kawaida inaonyesha pini moja imekwama. Kufunga mpya bila kutibu chanzo ni kupoteza pedi.

Vuta kila pini kwa vidole. Inatakiwa iteleze laini. Ichomoe, futa grisi ya zamani yote, paka mpya kidogo, na irudishe kwenye tundu lake lilelile, kwa sababu kwenye kalipa nyingi pini mbili hazifanani. Tumia grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya bearingi huvimbisha mpira unaokinga pini na vumbi, na pini inakwama upya. Ukijaza grisi kupita kiasi, nayo inabana hewa ndani ya tundu na kuirudisha pini nje.

Kisha ng'oa vibati vya pedi na usugue kutu iliyo chini yake kwa brashi ya waya. Pedi mpya iingie kwa kusukumwa na kidole. Ukihisi unahitaji nyundo, bado hujasafisha.

Kabla ya kurudisha pistoni, fungua kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki na uangalie kiwango, kwani mafuta yatapanda. Yakimwagika, mwagia maji mengi upesi. Yanakula rangi ya gari. Weka pedi ya zamani juu ya pistoni na uibane taratibu kwa jiliwa. Ikigoma, usilazimishe. Fungua nipo ya kutolea hewa ujaribu tena: ikiingia kwa urahisi, mpira wa breki umeziba ndani, ikigoma bado, pistoni ina kutu. Ukishafungua nipo, itabidi utoe hewa kwenye mafuta ya breki mwishoni.

Pistoni za nyuma zenye vijitundu usoni hazibanwi hivyo. Huzungushwa huku zikisukumwa, na ukizibana kwa nguvu unaharibu utaratibu wa breki ya mkono uliomo ndani. Breki ya mkono ya umeme lazima kwanza iwekwe kwenye hali ya matengenezo. Kwa hiyo, kama ni mara yako ya kwanza, anza na breki za mbele.

Angalia diski pia. Unene wa chini unaoruhusiwa huandikwa kwenye diski yenyewe, mara nyingi baada ya herufi MIN TH. Ikiwa imefika hapo, haifai pedi mpya.

Rudisha kalipa na ukaze bolti kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kama kitabu cha gari kinavyosema. Nati za gurudumu zikaze kwa mpangilio wa nyota. Magari madogo mengi yanataka nyutoni mita 100 hadi 120. Zikaze tena baada ya kilomita 100.

Kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedeli mara nyingi mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama mpaka chini, kwa sababu pistoni iko mbali na pedi. Anayesahau hili hugundua hana breki gari likiwa tayari linatembea. Kisha hakikisha mafuta yako kati ya MIN na MAX.

Pedi mpya hazishiki vizuri papo hapo. Kwenye barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 20, mara kumi hivi, ukiacha nusu dakika katikati. Usisimame kabisa ukiwa umekanyaga breki zilizochemka. Nyama huacha doa kwenye diski na pedeli huanza kutetemeka. Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko mwenzake wa upande wa pili, rudi kwenye zile pini.