Je, wajua kwa nini mwani wa ziwani hutoa mkaa unaosafisha maji na kuhifadhi umeme?

Maji ya Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, ambako mitambo ya Ggaba huchota sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya Kampala, hugeuka kijani mara kwa mara kwa wingi wa sianobakteria, viumbe wadogo ambao wengi wetu huwaita mwani tu. Chanzo chake kinafahamika: mfereji wa Nakivubo huteremsha majitaka ya jiji pamoja na nitrojeni na fosforasi iliyomo, na mwani hunawiri kwa chakula hicho. Nitrojeni hiyo hiyo ndiyo inayoufanya mwani uwe malighafi ya kaboni yenye sifa ambazo mkaa wa mti hauna.

Mti mkavu kwa kawaida una nitrojeni isiyofika asilimia 1 ya uzito wake. Sianobakteria, ambao nusu ya uzito wao mkavu au zaidi huweza kuwa protini, huwa na takriban asilimia 7 hadi 10. Wanapogeuzwa kuwa mkaa, sehemu ya nitrojeni hiyo hubaki ndani ya kaboni yenyewe, ikikalia nafasi za baadhi ya atomu zake na kubadilisha namna elektroni zinavyotawanyika, kiasi kwamba mkaa hupenywa na maji kwa urahisi zaidi na kunasa vizuri metali nzito. Anayeanza na mti au vifuu vya nazi hulazimika kuiongeza nitrojeni kwa kemikali.

Ugumu uko kwenye maji. Mwani uliovunwa na kukamuliwa bado huwa maji kwa sehemu kubwa, na kuukausha kabla ya kuuchoma hula nishati nyingi, ndiyo maana tanuri la udongo kama yale ya wachoma mkaa wa wilaya ya Nakasongola haliufai. Njia ifaayo ni kuupika ukiwa na maji yake ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa kabisa, kwa nyuzijoto 180 hadi 250 za Selsiasi, ambapo shinikizo la mvuke huyazuia maji yasigeuke mvuke yote, na baada ya saa chache hubaki tope jeusi lenye kaboni. Mjerumani Friedrich Bergius aliichunguza njia hii tangu mwaka 1913, alipokuwa akitafuta kuelewa jinsi makaa ya mawe yanavyoundwa ardhini.

Tope hilo likikaushwa bado halijawa na vitundu vya kutosha vya kunasia vitu. Huchanganywa na haidroksidi ya potasiamu na kupashwa joto la nyuzi 600 hadi 800 hivi bila hewa. Kemikali huila kaboni kutoka ndani na kuacha vitundu visivyohesabika, kisha mkaa huoshwa kwa asidi. Gramu 4 za mkaa wenye mita za mraba 1,800 kwa kila gramu zina eneo la ndani linalolingana na uwanja mzima wa mpira wa miguu.

Kwa maoni yangu, matumizi yanayotuhusu zaidi Uganda ni maji. Baadhi ya sianobakteria, wakiwemo wa jenasi ya Microcystis, hutoa sumu ya ini iitwayo mikrosistini, ambayo kuchemsha maji hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi mikrogramu 1 kwa lita katika maji yanayonywewa maisha yote. Mchanga wa kuchujia huzuia viumbe wenyewe, lakini sumu iliyokwisha kuyeyuka hupita, na hapo ndipo mkaa amilifu, yaani mkaa uliotobolewa vitundu kama huu, unapohitajika. Molekuli ya mikrosistini ni kubwa kiasi, hivyo hunaswa vyema na vitundu vyenye upana unaozidi nanometa 2, na mtengenezaji anaweza kuvipata kwa kurekebisha joto na kiasi cha kemikali. Joto la kuutengeneza mkaa huu nalo huivunja sumu iliyokuwamo ndani ya mwani uliotumika.

Kuhusu umeme, mwaka 2006 watafiti wa Orléans, Ufaransa, walionyesha kwamba kaboni iliyotokana na alginati, utomvu wa mwani wa bahari wa kahawia, huhifadhi karibu faradi 200 (kipimo cha uwezo wa kubeba chaji) kwa gramu katika superkapasita, chombo cha kuhifadhi umeme, bila hata kuhitaji kuamilishwa, yaani kutobolewa vitundu kwa kemikali. Chombo hicho huchajiwa kwa sekunde chache, ingawa hubeba nishati ndogo kuliko betri ya lithiamu ya bodaboda ya umeme, na kwa hiyo hufaa kuisaidia betri wakati wa kuanza mwendo au kufunga breki.

Mavuno ndiyo yanayotia shaka. Hata katika mabwawa ya kufugia mwani, lita 1,000 za maji hutoa nusu kilo hadi kilo moja tu ya mwani mkavu, na ziwani kwa kawaida ni pungufu sana ya hapo, tena ukiwa umechanganyika na matope yanayoongeza majivu na kuziba vitundu. Ningeanzia kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka kama yale ya Lubigi, Kampala, ambako mwani huota wenyewe mahali palepale, kabla maji hayajaachiwa kuendelea na safari yake.