Je, wajua kwa nini ofisi ya walimu imejaa akina mama lakini kiti cha mkuu anakikalia baba?

Ukipita shule za msingi za Moshi mjini, iwe Pasua au Majengo, utakuta walimu wa kike wamejaa. Ulizia mwalimu mkuu, hasa kwenye shule za huko mlimani, na mara nyingi atatoka mwanaume. Si suala la uwezo. Hapa hapa Moshi, Mama Maria Kamm aliiongoza shule ya sekondari ya wasichana ya Weruweru kwa miaka mingi, na wanafunzi wake wanamtaja mpaka leo.

Mambo huharibika mapema, kwenye kugawana majukumu. Anayeteuliwa kwa kawaida ni aliyewahi kushika taaluma, yaani kusimamia masomo na ratiba ya shule, au umakamu, maana huyo ndiye afisa elimu anayemfahamu. Mwalimu wa kike hupewa malezi, afya na chakula cha wageni. Ni kazi nzito, ila haimpandishi mtu. Hata akipata taaluma, akienda likizo ya uzazi ya siku 84 hurudi akakuta ratiba na mafaili yamehamia meza nyingine.

Halafu kuna ujenzi. Kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule kujenga kwa kutumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, mkuu wa shule ndiye msimamizi wa mradi. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipotolewa kujenga madarasa 15,000 nchini, wakuu walikesha na mafundi. Lori la mchanga linaingia saa mbili usiku, saruji lazima ihesabiwe mfuko kwa mfuko, na nyumbani kuna mtoto anayenyonya. Fundi naye anamtazama mkuu wa kike usoni na kumuuliza, "Madamu, mkuu yuko wapi tuongee habari ya nondo?" Akijibu kwa upole, ataambiwa hawezi watu. Akifoka ataitwa mkali, ilhali mwanaume akifoka husifiwa kwa msimamo. Hili linaniuma kuliko yote.

Mwisho ni kituo cha kazi. Barua ya uteuzi yaweza kumtoa mjini hadi shule ya kata isiyo na nyumba ya mwalimu. Mume akihamishwa, mke hubaki na watoto. Mke akihamishwa, watoto wanabaki na nani? Posho ya madaraka iliyoanza 2016, shilingi 200,000 kwa mwezi shule ya msingi na 250,000 sekondari, haiendeshi kaya mbili. Wengine hurudisha barua, kisha husemwa hawataki uongozi. Halmashauri ikitaka wakubali, ianze na nyumba ya mkuu ndani ya uzio wa shule.