Kinyunyizio hujifungua chenyewe, vali hufungwa na mtu

Historia ya vinyunyizio vya moto darini ni historia ya kumpunguzia binadamu uamuzi wa lini maji yamwagike, na wapi.

Mwaka 1812 ukumbi wa Drury Lane jijini London ulifungiwa mabomba yenye vitundu yaliyobuniwa na William Congreve. Baadaye viwanda vya nguo vya New England, Marekani, vikatumia mabomba ya aina hiyo. Ilibidi mtu auone moto, akimbilie vali, aifungue. Ikishafunguka, eneo zima linalowa, penye moto na pasipo moto, na vitundu vilivyozibwa na kutu havitoi kitu.

Henry Parmelee, mwenye kiwanda cha piano mjini New Haven, mwaka 1874 alifunika kila kichwa, yaani ncha ya kutolea maji, kwa kizibo kilichoshikwa na lehemu inayoyeyuka kwa joto. Kasoro yake: lehemu iligusana na maji ya bomba, yakaipoza, ikachelewa kuyeyuka. Mwaka 1881 Frederick Grinnell aliitenga lehemu na maji. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote.

Leo vichwa vingi vina kichupa cha kioo chenye kimiminika na kiputo cha hewa. Joto likipanda kimiminika hutanuka, kiputo humezwa, kioo hupasuka, maji hutoka. Rangi ya kimiminika hutaja joto la kupasukia: chungwa 57°C, nyekundu 68°C, njano 79°C, kijani 93°C. Kichupa chenye kipenyo cha milimita 3 huwahi kupasuka kuliko cha milimita 5 cha rangi ileile. Moshi hauvifungui, wala havifunguki vyote pamoja kama filamu zinavyodanganya: hufunguka kile tu kilichopashwa joto.

Kwa hiyo usikipake rangi kichwa, isije ikakikinga na joto. Kikishapakwa, kibadilishe, usikikwangue. Kanuni za NFPA 13, za shirika la Marekani la kukinga moto (NFPA), zinataka vichwa vya kawaida viachane angalau mita 1.8, maana maji ya kimoja yanaweza kukipoza jirani yake kisifunguke. Mizigo nayo ikae angalau milimita 457 chini ya kichwa, ili maji yapate kutawanyika.

Hata hivyo, takwimu za NFPA zinaonyesha kwamba mfumo unaposhindwa, sababu inayoongoza ni kwamba maji yake yalikuwa yamefungwa. Fundi hufunga vali kuu, ile inayoingiza maji kwenye mfumo, afanye ukarabati, kisha huondoka bila kuifungua, au huifungua nusu. Hii ya nusu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu maji yakiwa yametulia geji huonyesha presha kamili.

Njia ya kuigundua ni kuyatembeza maji. Andika presha ya maji yaliyotulia. Fungua kabisa vali kuu ya kumwaga maji, subiri mshale utulie, andika presha tena. Linganisha namba hii ya pili na ya vipimo vilivyopita. Ikiwa imepungua kwa asilimia 10 au zaidi, tafuta kizuizi siku hiyohiyo, ukianza na ile vali kuu ya kuingiza maji. Ukimaliza, funga vali ya kumwaga maji, na ile ya kuingiza maji iache wazi kabisa, imezuiwa kwa mnyororo na kufuli.