Mshtuko wa moyo unaojificha tumboni

Mama wa miaka 60 mwenye kisukari anaamka alfajiri pale Nansio, kisiwani Ukerewe, mwili hauna nguvu, jasho la baridi linamtoka, chembe inamuuma, ameshatapika. Nyumbani watasema malaria au vidonda vya tumbo, na mtoto atatumwa duka la dawa. Huenda wako sahihi. Ila mshtuko wa moyo nao huja hivyohivyo, hasa kwa wanawake, wazee na wenye kisukari.

Sukari iliyokaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, kifua kisiume kabisa. Tena upande wa chini wa moyo umelalia kiwambo kilicho juu ya tumbo, ndiyo maana ukikosa damu mgonjwa hulalamikia tumbo na kichefuchefu. Wengine huishiwa pumzi tu, au huumwa taya, bega au mgongo. Mzee anaweza kuchanganyikiwa ghafla, basi.

Kwa wahudumu wa mapokezi: kipimo cha malaria kikisoma chanya, msiusahau moyo. Ukanda huu wa ziwa mtu anaweza kuwa na vimelea na mshtuko kwa pamoja. Nafuu baada ya dawa ya asidi nayo haithibitishi kitu. Mgonjwa wa namna hii apimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ndani ya dakika 10 tangu afike. Waya za kifuani za V1 na V2 zikae nafasi ya 4 kati ya mbavu. Wengi huzibandika juu mno, na picha hudanganya. ECG ikiwa safi na dalili zipo, rudieni kila dakika 15 hadi 30. Troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha moyo umeumia, ikichukuliwa mapema nayo inaweza kuwa safi. Irudiwe baada ya saa 3 hadi 6. Mkiona mabadiliko kwenye II, III na aVF, sehemu za ECG zinazotazama upande wa chini wa moyo, hamishieni V4 upande wa kulia kabla ya kutoa nitrati, dawa ya kutanua mishipa ya damu, kwani moyo wa kulia ukiwa umeguswa presha huporomoka.

Aspirini miligramu 300 itafunwe, isimezwe nzima, kama hana mzio wala hatoki damu tumboni.

Kisiwani, mgonjwa asitembee hadi gatini. Abebwe akiwa ameegemezwa. Pigeni simu hospitali mnayompeleka, hata kama ni Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, kabla chombo hakijang'oa nanga. Na andikeni saa dalili zilipoanza: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi saa za mwanzo, na zikipita saa 12 kwa kawaida haitolewi.