Kujifunza kipande kipya cha piano: yanayosemwa na yalivyo

Tuchukue kipande ambacho wanaoanza wengi hupewa: Minuet (muziki wa dansi ya kale) ya G meja, yaani ya ngazi ya sauti inayoanzia nota G, iliyomo katika daftari la Anna Magdalena Bach la mwaka 1725. Wengi bado wanaamini ni ya mumewe, mtunzi J. S. Bach. Aliyeitunga ni Christian Petzold, mpiga kinanda wa kanisa huko Dresden, Ujerumani.

“Anza mwanzo, piga hadi mwisho, kisha rudia.”
Hakuna ushauri unaochelewesha watu kama huu. Mistari ya mwanzo itanyooka, ya mwisho itakwama kila siku, kwa kuwa unaifikia umeshachoka. Soma karatasi ya nota kabla ya kugusa kinanda. Kipande kina baa 32 (baa ni kijisehemu kati ya mistari miwili ya wima), sehemu mbili za baa 16. Tazama mkono wa kulia: baa ya 9 hadi 14 ni zilezile za 1 hadi 6! Ukizijua sita, umepata kumi na mbili. Muda uliookoa upeleke penye ugumu, baa ya 20 hadi 24, ambapo C shapu (kibonyezo cheusi kilicho kulia kwa C) inaingia na muziki unahamia D meja. Anzia hapo, akili ikiwa bado mbichi.

“Namba za vidole si lazima.”
Ni lazima. Gumba ni 1, kidole cha mwisho ni 5. Kwa mkono wa kulia, piga D ya kwanza kwa 5, na G inayofuata kwa gumba: A, B, C na D zitakuwa chini ya vidole bila mkono kuhama. Ukibadilisha vidole kila mara, mkono haupati cha kukumbuka.

“Maliza mkono mmoja wote, ndipo uguse wa pili.”
Kutenganisha mikono kunasaidia, ila kuiunganisha ni kazi nyingine kabisa, nayo inahitaji mazoezi yake. Baa mbili zikikaa sawa kila mkono, ziunganishe siku hiyohiyo, taratibu sana.

“Kasi huja kwa kupiga haraka.”
Mkono hukariri makosa pia. Chagua mwendo usiokukosesha, ndipo uongeze kidogo kidogo kwa metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo. Ukikosea, rudi baa moja nyuma, si mwanzo.

“Bila piano halisi huwezi.”
Kinanda cha umeme cha vibonyezo 61 kinatosha nota zote za kipande hiki. Ukiweza, tafuta kinachotofautisha mguso mzito na mwepesi.