Stika ya i7 haikwambii kompyuta ina umri gani

Wanunuzi wengi wa kompyuta za mezani za mtumba huamini kuwa prosesa (chipu inayoendesha kompyuta) ya i7 ni bora kuliko i5, na i5 kuliko i3, kwa hiyo stika inatosha. Kwa prosesa za Intel za kizazi kimoja, yaani toleo moja, imani hiyo kwa kawaida ni sahihi. Ila dukani vizazi huchanganyikana, na stika nyingi hazitaji kizazi.

Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011 ikiwa na kore 4, yaani sehemu nne za prosesa zinazofanya kazi sambamba. Core i3-12100 ya mwaka 2022 nayo ina kore 4, lakini kila moja ina kasi kubwa zaidi, na imepangiwa umeme wa wati 60 badala ya 95. Soma namba iliyo baada ya kistari: 2600 ni kizazi cha 2, 8500 cha 8, 12100 cha 12. Windows 11 kwa ujumla inataka kuanzia cha 8.

Kabla ya kulipa, omba mashine iwashwe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, kisha CPU: jina kamili la prosesa liko juu kulia. Muuzaji asiyetaka uguse kibodi, mimi ningemuaga tu.

Mwenye i7 ya zamani nyumbani asiitupe. Akiondoa diski inayozunguka na kuweka SSD (diski isiyozunguka) ya aina ya SATA, itawaka upesi mno. Akitaka kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda, aangalie aina yake kwanza. Ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3.