Canaletto hakuwa kamera

Venice, Italia, ni mji wa mifereji, na picha za Canaletto, mchoraji wa karne ya 18, zimejaa mifereji. Kwa Kiitaliano mfereji ni "canale", ndiyo maana wengi hudhani jina hilo alilipata kwa sababu ya maji. Sivyo. Alizaliwa mwaka 1697, jina lake Giovanni Antonio Canal, na Canal ni jina la ukoo. Canaletto maana yake ni "Canal mdogo", kwa kuwa Canal mkubwa alikuwepo: baba yake, Bernardo, fundi wa kuchora mandhari ya jukwaani. Kijana alijifunzia kazi huko, na mwaka 1719 baba na mwana walikwenda Roma kuchora mandhari ya opera za Alessandro Scarlatti. Jukwaa hilo tusilisahau, tutalirudia.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba alikuwa akinakili tu. Eti alikuwa na kamera obskura, kisanduku chenye lenzi kinachotupa taswira ya nje juu ya karatasi, akaifuatisha kwa kalamu, kazi ikaisha. Kisanduku chenye jina A. Canal kipo kweli katika makumbusho ya Correr mjini Venice, na huenda alikitumia. Lakini michoro ilikuwa mwanzo tu. Picha nyingi alizimalizia karakana, kwa rula na bikari, na huko ndiko mtoto wa fundi wa jukwaa alikojitokeza. Aliunganisha pembe mbili tatu za kutazamia zikawa picha moja, akapanua uwanja, akasogeza jengo lililomziba. Ukisimama leo alipodai kusimama, huvioni vyote bila kutembea.

Mara nyingine hakujificha hata kidogo. Farasi wa shaba wa kanisa la Mtakatifu Marko aliwateremsha kwenye picha, akawapanga juu ya nguzo uwanjani. Daraja la Rialto aliling'oa, mahali pake akaweka lile alilolibuni msanifu majengo Palladio, ambalo halijajengwa mpaka leo. Na London alilichora daraja la Westminster likiwa limekamilika, miaka kadhaa kabla halijafunguliwa mwaka 1750.

Hata hivyo si haki kumwita mwongo. Wanasayansi wamepima mstari wa mwani aliouchora kwenye kuta za majumba, wakaulinganisha na wa siku hizi, wakaona jinsi maji yalivyopanda dhidi ya mji huo: zaidi ya nusu mita. Mtu aliyehamisha majengo alikuwa mwaminifu kwa mwani wa ukutani. Mimi hilo ndilo linalonivutia kwake.

Wengine humwona mchoraji wa kadi za posta za matajiri wa Kiingereza. Wateja wake wakubwa walikuwa hao, ni kweli, kupitia mfanyabiashara Joseph Smith, ambaye mwaka 1762 alimuuzia Mfalme George III mkusanyo wake. Lakini itazame ile picha ya uwanja wa waashi, ya miaka ya 1720, iliyopo National Gallery, London. Mawe yametapakaa, nguo zimeanikwa, jogoo katua dirishani. Mtoto kaanguka chali anakojoa, mama anamkimbilia. Ni kadi ya posta gani hiyo?

Alipohamia Uingereza mwaka 1746, vita vikiwa vimewapunguza wasafiri waliokwenda Italia, palizuka uvumi kwamba huyu si Canaletto halisi. Akatangaza gazetini, akakaribisha watu nyumbani kwake waje waone kazi yake kwa macho yao. Na umaarufu haukumpa utajiri: alifariki mwaka 1768 akiacha mali kidogo na picha 28 zisizouzwa.

Mkanganyiko mmoja una sababu ya haki. Mpwa wake, Bernardo Bellotto, naye alijiita Canaletto kule Dresden na Warsaw. Kwa hiyo ukisikia kwamba "picha za Canaletto" zilisaidia kuijenga upya Warsaw baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mhusika ni Bellotto. Naye alikuwa na mkono wa mjomba: majengo mengine aliyarekebisha kidogo alipoyachora, na mafundi wa Warsaw wakajenga kwa kufuata picha.